Majengo hadi Majimoto: petroli, sensa na tangazo la Ijumaa

Miji mingi ya Afrika Mashariki ina mtaa uitwao Majengo. Upo Moshi, upo Dodoma, upo Mombasa, upo hata Nairobi, na mara nyingi msafiri Muislamu aliyeufikia usiku hana haja ya kuuliza mara mbili msikiti ulipo. Majengo yetu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na haitajwi sana magazetini. Anayetoka Dar es Salaam huifikia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akiwa ameipita Tabora na misitu ya miombo ambayo humfanya adhani amepotea njia. Anayependelea reli hupanda tawi linaloachana na njia ya Kigoma pale Kaliua. Tawi hilo halikujengwa kwa ajili ya abiria wala mahindi. Wakoloni walilileta, takriban mwaka 1950, kwa sababu ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa zamani, reli ikabaki na mji ukabaki. Tunamwomba msomaji aikumbuke risasi hiyo, kwani itarejea mbele tutakapofika kwenye habari za petroli.

Msikiti wetu una gari moja, Noah ya Kijapani iliyonunuliwa kwa michango ya waumini na kuwekwa wakfu kwa ajili ya maziko, wagonjwa na safari za daawa. Gari la wakfu si kama gari la mtu. Likiharibika, hakuna mwenye kusema ni bahati yake mbaya. Kila mmoja huuliza nani alikuwa naye, alilipeleka wapi na alilijaza nini. Maswali hayo hufika kwa katibu, naye katibu hutakiwa kuyaandika pamoja na majibu yake. Ndiyo maana makala hii, iliyokusudiwa kuwa habari za safari ya kwenda bonde la Rukwa, imegeuka kuwa kwa sehemu kubwa habari za waya mmoja na dumu moja la petroli.

Tuliondoka Majengo baada ya sala ya Alfajiri, mwishoni mwa kiangazi, tukiwa watu saba. Tulikuwa tunakwenda Majimoto kumzika mzee mmoja aliyewahi kusomesha madrasa katika mtaa wetu, kisha akarejea kwao kulima mpunga. Hadi Sitalike ni takriban kilomita 35. Hapo ndipo Mto Katuma unapopita ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na katika miezi ya ukame, maji yanapopungua, viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyosalia hata migongo yao ikaonekana kama mawe ya kuvukia. Wageni hutoka Ulaya kuja kuitazama hali hiyo. Sisi tuliitazama kwa dakika tano tu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya ndorobo, kwa kuwa maiti hacheleweshwi.

Katika tuta la mwisho pale Sitalike, dereva wetu aliona taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ikiwaka mbele yake. Ikawaka muda mfupi, kisha ikazimika. Hakumwambia mtu. Alikuja kutueleza jambo hilo siku tisa baadaye, na laiti angelisema mapema tusingekuwa na la kuandika.

Baada ya hifadhi njia huelekea Kibaoni na Usevya, na hapo msafiri huhisi kuwa ameingia nchi nyingine. Mpanda ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake za kiangazi huwa na ubaridi kidogo. Bonde la Rukwa liko chini zaidi. Hewa yake ni nzito na ya joto, mashamba ya mpunga yametandazwa hadi macho yanapochoka, na ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini huvuka barabara kwa utaratibu wao wenyewe. Majimoto yenyewe imepewa jina lake na chemchemi inayotoa maji ya moto ardhini. Tulizika baada ya Adhuhuri. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa marehemu, wenye mvi sasa, kila mmoja akitaja juzuu aliyoisoma mbele yake. Tungependa kuandika zaidi juu ya mzee huyo, na huenda siku nyingine tukafanya hivyo.

Wakati wa kurudi, mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka. Tangi halikuwa limejazwa Mpanda kwa sababu mfuko wa msikiti haukuruhusu. Katika kijiji kimoja kabla ya kuingia hifadhini palikuwa na kibanda cha kijana auzaye petroli kwa madumu na chupa. Tukanunua lita 10. Dereva akatia lita saba kwenye tangi, na tatu akaziacha katika kidumu cha akiba nyuma ya kiti. Kijana alitupa salamu ya Kiislamu, akatupa na pole ya msiba, akachuja mafuta kwa kitambaa cheupe juu ya mrija. Yote hayo tuliyaona kwa macho yetu.

Kilomita chache baadaye gari likapoteza nguvu. Dereva alikanyaga, nalo likaitikia kwa uvivu kama punda aliyeshiba. Ile taa ya njano ikawaka, na safari hii haikuzimika. Katika kila kilima kidogo ilibidi kushuka gia. Magharibi ilituingilia ndani ya hifadhi, mahali ambapo haifai kushuka garini, kwa maana tembo na nyati hawana habari za wasafiri wenye udhuru. Tukanuia kuijumuisha Magharibi na Isha. Tulifika Sitalike usiku, na Majengo usiku zaidi, na kabla hatujashuka garini hukumu ilikwisha kutolewa na watu saba kwa kauli moja: petroli ya kijana yule imechakachuliwa.

Neno hilo, kuchakachua, lina historia yake katika nchi yetu. Miaka ya karibu na 2010 lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na asili ya umaarufu wake ni mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili mnyonge aweze kuwasha taa yake. Petroli na dizeli vilitozwa zaidi. Wajanja wakaiona tofauti hiyo kuwa ni mlango wa rizki, wakachanganya ya rahisi ndani ya ya ghali. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, yaani alama ya kemikali isiyoonekana kwa macho, ili mkaguzi aweze kutambua kituoni kama shehena imeongezwa kitu njiani. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 2011/12, Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji iondoke. Kenya nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za huko kwa kila lita ya mafuta ya taa. Njia hiyo ilibana uchakachuaji, lakini aliyelipa zaidi ni bibi wa kijijini mwenye koroboi. Hatujapata kusikia akishukuriwa.

Kwa hiyo watu wa rika letu, wakiona gari limenywea baada ya kujazwa, fikra zao huenda moja kwa moja kwenye uchakachuaji. Katika kikao cha kamati baada ya Isha, mjumbe mmoja aliyekuwa ameyasoma mambo haya katika simu yake alitueleza kuwa petroli ya okteni ndogo huharibu sensa za gari (si ile sensa ya kuhesabu watu), na kuwa dukani sensa moja ya Noah ni bei ya magunia kadhaa ya mahindi. Alisema kwa uhakika, na sisi tulikuwa na uchovu na hasira. Ikapitishwa kuwa waumini watahadharishwe. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, katibu akasimama mbele ya kipaza sauti na kusoma karatasi ya mistari sita. Haikutaja jina la mtu. Ilitaja kijiji, ilitaja kibanda kilicho chini ya mti upande wa kulia, na ilitaja kitambaa cheupe. Nusu ya vijana wa bodaboda wa Majengo husali kwetu, na wengi wao hupita njia ile.

Wiki iliyofuata tulilipeleka gari kwa fundi, hapa hapa Majengo. Ni mtu mzima aliyejifunza kazi kwenye magari ya Land Rover yasiyokuwa na waya mmoja wa umeme zaidi ya unaohitajika, kisha akajisomea mwenyewe habari za magari ya kompyuta. Ana kile kipimo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Tulimwambia mara moja: fundi, petroli mbovu imetuharibia sensa, tutafutie nyingine. Alitutazama kwa muda.

"Ustadhi," akasema, "mgonjwa akija kwa daktari na jina la dawa, daktari afanye nini?"

Kipimo kilionyesha msimbo wa P0325, unaohusu umeme wa sensa ya mgongo. Hapo akatueleza habari tunayoiandika hapa kwa kirefu, kwa sababu tumegundua kuwa watu wengi wenye magari hawaijui, na wenye kuijua nusu ndio wanaoieneza.

Okteni si nguvu ya mafuta. Ni subira yake. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na pistoni, na kitu kikibanwa hupata joto. Petroli njema hustahimili kubanwa huko, ikasubiri mpaka plagi itoe cheche. Petroli isiyo na subira hulipuka yenyewe mahali pengine ndani ya silinda, na milipuko hiyo miwili ikikutana injini hugonga, sauti ikawa kama ya kokoto ndani ya kopo. Subira hiyo hupimwa kwa kulinganisha na vimiminika viwili: aisookteni, iliyopewa namba 100, na hepteni, iliyopewa sifuri. Petroli ya okteni 90 ni ile inayostahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 90 za ile ya kwanza na 10 za ile ya pili. Kipimo chenyewe hufanywa maabara kwa injini maalumu ya silinda moja. Hakuna fundi wa gereji, wala mjumbe wa kamati, awezaye kukifanya kwa kunusa.

Injini ya zamani ikigonga iligonga tu, mpaka pistoni zikatoboka. Injini ya leo ina sikio. Sikio hilo ndilo sensa ya mgongo: kipande kidogo kilichofungwa kwa boliti kwenye mwili wa injini, ambacho kikitikiswa hutoa umeme mdogo. Kompyuta ya gari husikiliza umeme huo. Ikisikia mgongo, huchelewesha cheche kidogo. Mgongo hukoma, injini husalimika, na gharama yake ni nguvu kupungua na mafuta kuliwa zaidi. Basi mtu akitia petroli ya okteni ndogo kuliko inayotakiwa, sensa hiyo haiharibiki. Inafanya kazi iliyowekewa, kama mwadhini anavyofanya kazi yake Alfajiri ingawa waliolala hawapendi.

Namba nazo huwachanganya watu. Mmarekani husoma 87 kwenye pampu yake, na msomaji wa huku akaona kuwa ni ndogo mno. Kumbe Wamarekani hutumia wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni sawa na takriban 91 au 92 kwa kipimo kinachotumika Japani na Ulaya. Huko Japani, zinakotoka Noah zetu, petroli ya kawaida kwa kanuni zao hutakiwa isipungue 89, na ile ya daraja la juu isipungue 96. Gari lililotengenezwa kwa ile ya kawaida halipati faida ya maana kwa kunyweshwa ya ghali zaidi, na hitaji lake limeandikwa katika kitabu chake, mara nyingi pia nyuma ya mfuniko wa tangi. Tukaenda kutazama mfuniko wetu. Maandishi yalikuwepo, kwa Kijapani, na miaka yote hatukuwahi kuuliza yanasema nini.

Hata mahali unapoendesha gari pana hukumu yake. Juu milimani hewa ni nyepesi, silinda hupata kidogo cha kubana, na injini isiyo na tabo hutosheka na okteni ndogo zaidi. Ukishuka bondeni kwenye hewa nzito na joto, ukiwa na watu saba na kilima mbele yako, hitaji hupanda. Kwa hiyo, akasema fundi, gari lenu lingeweza kweli kulalamika Rukwa juu ya petroli lisiyoilalamikia Sumbawanga. Tulipata faraja kidogo kwa maneno hayo, tukidhani kuwa anaelekea kwenye hukumu yetu. Hakuwa akielekea huko.

Kuna mafuta yanayoua sensa, akaendelea, lakini kosa lake si okteni, na sensa inayouawa si hii. Ni ile ya oksijeni, inayokaa katika bomba la moshi na kunusa hewa itokayo kwenye injini, ili kompyuta ijue kama mafuta yamezidi au yamepungua. Hiyo ina maadui. Wa kwanza ni risasi. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua kuwa kiasi kidogo cha kiungo chenye risasi kikitiwa katika petroli huzuia mgongo. Dunia ikaitia kwa muda wa karibu miaka mia. Iliongeza okteni, na iliwatia watoto sumu katika damu. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani kuitumia katika magari ya kawaida, iliiacha Julai 2021. Risasi ikipita katika bomba la moshi huizima sensa ya oksijeni na kuharibu masega yanayosafisha moshi. Hapa ndipo tulipoikumbuka reli yetu ya Kaliua, na madini yaliyouleta mji huu ulimwenguni. Tazama jinsi petroli iliyokuwa na okteni kubwa ndiyo iliyoua sensa, kinyume na tulivyokuwa tukihubiri.

Adui wa pili ni silikoni. Mapema mwaka 2007, kusini mashariki mwa Uingereza, magari mengi yalianza kuwasha taa na kupoteza nguvu, na mafundi wakawa wanabadilisha sensa za oksijeni bila kujua sababu. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kuwa petroli iliyouzwa eneo lile ilikuwa na silikoni, iliyojijenga juu ya sensa kama ukoga. Masizi ya injini inayokula oili nayo huifanyia hivyo, na mafuta ya taa yaliyochanganywa katika petroli yana uovu wa aina mbili: hushusha okteni, na kwa kuwa hayaungui vyema huacha masizi kwenye plagi na kwenye sensa hiyo. Kwa hiyo anayeona okteni ndogo na sensa mbovu vikifuatana huenda hakosei kuviona pamoja. Hukosea akisema kimoja kimezaa kingine, wakati vyote viwili ni watoto wa mchakachuaji.

Tukamwuliza: sasa petroli ya kijana yule?

Akaomba karatasi nyeupe. Tuliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ile ile tuliyosomea tangazo. Akaigeuza upande usio na maandishi, akadondosha tone kutoka kidumu cha akiba, tone la petroli ya kituo cha mjini kutoka kwenye pikipiki yake, na tone la mafuta ya taa. Tukasubiri. La kwanza na la pili vikakauka na kupotea. La tatu likaacha duara la mafuta ambalo hata leo linaonekana. Akatuonya kuwa karatasi haipimi okteni, na mchanganyiko mdogo unaweza kuipita. Wenye kauli ya mwisho ni wenye vinasaba na maabara. Lakini kwa kadiri ya jicho, petroli ya kijana ilikuwa sawa na ya mjini.

Kisha akafungua injini. Ilimchukua hadi Alasiri, kwa maana katika gari hili sensa ya mgongo imejificha chini ya mabomba ya kuingizia hewa. Alipoyatoa, tuliona nyasi, pumba za mahindi, na kinyesi cha panya. Waya wa sensa ulikuwa umetafunwa mpaka ukabaki uzi mmoja wa shaba, unaogusa na kuachia kila gari linapopita kwenye tuta. Gari hulala kando ya stoo ya msikiti, na ndani ya stoo mwaka huo mlikuwa na mahindi ya zaka ambayo kamati, yaani sisi, ilichelewa kuyagawa.

Sasa fundi akatufumbulia lililobaki. Kompyuta ikikosa habari za sikio lake haijui tena kama injini inagonga. Kwa tahadhari huchelewesha cheche kwa kiwango cha juu kabisa, kana kwamba imejazwa petroli mbaya kuliko zote. Gari hunywea, hushindwa vilima, hula mafuta. Dalili zote za petroli mbovu hujitokeza, na petroli iwe safi. Tulikuwa tumeuliza kama mafuta yameharibu sensa. Sensa iliyokatika ndiyo iliyoyafanya mafuta yaonekane mabovu. Ndipo dereva, akiwa amesimama nyuma yetu, akasema taratibu kuwa ile taa aliiona kwanza Sitalike, asubuhi, wakati wa kwenda, kabla kidumu cha mtu yeyote hakijafunguliwa.

Waya mpya na kazi ya fundi vilitugharimu chini ya nusu ya bei ya sensa. Hilo halikuwa deni kubwa.

Kila Muislamu aliyekaa darasani anakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini, ilhali juu ni pakavu, akamkemea mwenye nalo na kubainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Tulikuwa tumekitaja katika tangazo letu. Tukichunguza sasa, tunaona kuwa tulikisoma upande mmoja. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwanza. Kisha akamwuliza mwenye mali. Sisi hatukuingiza mkono popote, na mwenye mali hatukumwuliza, na tulikuwa na lita zake tatu nyuma ya kiti wiki nzima. Tumesomeshwa Surat al-Hujurat, na amri yake ya kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Wengine wetu tumeifanyia mtihani chuoni na kufaulu.

Wapo wajumbe waliosema kuwa biashara yenyewe ya madumu ni haramu kwa sheria ya nchi, ni hatari ya moto, na kwa hiyo tangazo halikukosa faida. Hatari ni kweli, wala hatumshauri mtu kuweka petroli nyumbani wanapolala watoto. Ndiyo sababu EWURA imelegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vijijini. Lakini sisi hatukutangaza hatari ya moto. Tulitangaza kuwa mtu ni mdanganyifu. Kikao kilichukua muda mrefu, na hatimaye ikakubaliwa kuwa watu wawili waende, na kuwa gharama ya safari isitoke kwenye mfuko wa msikiti.

Tulipita tena Sitalike, tukapita tena viboko. Gari lilipanda vilima bila kuhimizwa. Kibanda kilikuwa pale pale chini ya mti, madumu yalikuwa mawili badala ya sita, na kijana alikuwa amekaa akishona kiatu. Alitujua mara moja. Akasimama, akatupa salamu kamili, akatuletea benchi. Tulimweleza yote, na panya, na karatasi, na mahindi ya zaka. Tukamwomba msamaha.

"Nimesamehe, ustadhi," akasema. "Nilisamehe siku ile ile, maana nilijua mlikuwa na msiba."

Kisha akauliza kama tangazo la kutengua lingesomwa kwa kipaza sauti kile kile. Tukasema ndiyo, Ijumaa inayofuata. Akauliza kama vijana wa bodaboda huwa wanakaa mpaka mwisho wa matangazo. Tukasema baadhi yao. Akatikisa kichwa kidogo, akachukua mrija na kitambaa chake cheupe, akatuuliza tunataka lita ngapi.

Tangazo la pili lilisomwa, refu kuliko la kwanza, na tulilitaja kosa kuwa ni letu. Mahindi ya stoo yaligawiwa wiki ile ile. Jumatatu hii dereva amepita njia ya Kibaoni na kurudi, naye anasema madumu yalikuwa matatu.